Dede kwa Sekunde Thelathini

Ukitaka kumuudhi Mama Mkeka, mwambie kazi yake ni kucheza na watoto. Ndugu zake walimwambia hivyo kwa miaka kumi na tisa, na kwa miaka kumi na tisa alikunja uso uleule. Yeye ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ila wagonjwa wake hawajui kusema wanaumwa wapi. Ni watoto walio chini ya miaka mitatu: aliyechelewa kukaa, aliyechelewa kutambaa, aliyezaliwa kwa shida akatoka na ngumi moja isiyokunjuka. Alikuwa akiwafuata majumbani kwao, mkeka umeviringishwa begani, kwa sababu kazi yote hufanyika chini na sakafu za watu hazifanani. Jina la mkeka likamganda hadi kwenye orodha ya zamu ofisini. Magoti yake yalikuwa na sugu nyeusi, na kwenye basi watu waliyaona wakadhani ni mcha Mungu sana, wakampisha kiti. Hakuwahi kuwasahihisha.

Kisha gonjwa likaingia na kituo kikasimamisha ziara zote za nyumbani. Mkeka ukaegemezwa nyuma ya mlango wa chumba cha kulala. Mama Mkeka akapewa simu ya kazi, kitegemeo cha kusimamishia simu kilichokwisha kuvunjika mguu mmoja, na waraka wa kurasa nne ulioeleza namna ya kumhudumia mtoto bila kumgusa. Aliusoma mara mbili, na mara zote mbili alitamani kumjua aliyeuandika, amuulize kama amewahi kumshika mtoto.

Maana mguu mlegevu hauonekani kwenye kioo cha simu. Unaujua ukiushika, unapousikia umekuachia uzito wote kiganjani kama nguo mbichi. Sasa mkono ule uliozoea kusikia ulikuwa umeshika simu, na simu haikuwa na la kumwambia. Mtandao ulikatika katikati ya sentensi. Wazazi waliegemeza simu zao kwenye kopo la sukari, kopo likaanguka, na Mama Mkeka akabaki nusu saa anazungumza na paa. Kufikia mwezi wa tatu alizijua dari za watu kuliko alivyowajua watoto wao.

Ili waone anachosema, alichukua mto wa kochi akaufunga kitambaa katikati, upate kiuno, akawa anaukalisha, anaulaza kifudifudi, anausimamisha kitandani mbele ya simu. Mumewe, fundi redio aliyekosa wateja tangu watu wafungiwe ndani, aliuita mto ule mjukuu. Kila mchana aliuliza kwa sauti ya upole kama mjukuu amekula. Wiki ya kwanza Mama Mkeka alicheka. Mwezi wa nne alimtupia mjukuu usoni.

Kati ya watoto kumi na wanne waliokuwa kwenye orodha yake, mmoja alimkaa rohoni. Walimwita Punje kwa sababu alizaliwa mdogo mno, na ingawa sasa alikuwa na mashavu ya kutosha, jina halikumwacha. Alikuwa na miaka miwili na miezi minane. Kiuno chake hakikukaza na miguu ilimfuata kwa kusuasua, lakini akili yake ilikuwa moto. Kabla ya gonjwa alikuwa ameshaanza kushika kiti na kujivuta hadi akasimama, mikono yote miwili imeng'ang'ania, uso umejaa kiburi. Kilichobaki kilikuwa kuachia. Punje alikuwa hajawahi kusimama dede hata mara moja.

Mama yake alikuwa fundi cherehani, na kiwanda chake kilikuwa chumba hichohicho walicholala, kilichogawanywa kwa pazia la maua. Upande wa pili wa pazia alitawala Bibi, mzaa mama, mwanamke asiyemeza neno likimfika ulimini. Kila ziara alimkumbusha Mama Mkeka kwamba yeye alilea watoto saba bila mkeka, na wote wanatembea, mmoja hata alitoroka nyumbani kwa miguu yake. Lakini hakuna mtu kwenye orodha nzima aliyefanya mazoezi kwa bidii kama Bibi. Tatizo lake lilikuwa moja: hakuweza kumwona mtoto akiyumba bila kumdaka. Mama Mkeka alimwimbia methali ileile kila wiki, kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye, na Bibi aliitikia vizuri sana, kisha Punje akiyumba anamdaka.

Sasa kanuni ya kituo ilikuwa hivi. Mtoto akitimiza miaka mitatu anatoka kwenye kitengo cha wadogo. Faili lake likiwa bado wazi, linahamia kitengo cha wakubwa, naye analifuata, na mazoezi hayakatiki. Lakini faili likiwa limefungwa kwa sababu mtoto amefuzu, basi amefuzu. Akirudi, anarudi kama mgeni na kupanga foleni na wageni wenzake, na foleni wakati huo ilikuwa ya mwaka na zaidi. Kiuno cha mtoto hakisubiri foleni. Kisipokazwa mapema, mwili unajifunza njia zake za mkato, na kuziondoa baadaye ni kazi ya kulia.

Wiki tano kabla ya Punje kutimiza mitatu, ofisi ilituma ujumbe kwa wazazi wote: kila mtoto atafanyiwa tathmini kwa simu ya video, wazazi wajiandae. Mama Mkeka aliusambaza kwa familia zake kama ulivyo. Alikuwa amechoka, simu inamuunguza sikio, na hakuongeza hata sentensi moja ya kueleza tathmini ni ya nini. Hilo kosa tuliseme mapema, lilikuwa lake.

Siku ya Punje ilipofika, mambo yalikuwa mazuri kupita kawaida. Picha ilikuwa safi na simu haikuangukia popote. Punje alikuwa mbele ya pazia la maua, ndani ya gauni jipya la njano lililofika hadi sakafuni, amesimama. Mama yake alikuwa hatua tatu mbele yake na simu mkononi. Kiti hakikuwapo, wala stuli. Fomu iliuliza kama mtoto anasimama bila kushikwa wala kuegemea kwa sekunde thelathini, na Mama Mkeka akaanza kuhesabu kwa sauti. Alipofika kumi akainuka kitandani. Ishirini, machozi yakaanza kumtoka. Thelathini, akamwita mumewe aje aone, na fundi redio akaja mbio na bisibisi mkononi akidhani nyumba inaungua.

Akaweka alama kwenye kisanduku. Vile vingine vya ukurasa ule vilikwisha kujazwa miezi iliyopita, kwa hiyo mfumo wa kompyuta wa kituo ukajumlisha wenyewe na kuandika juu ya faili neno moja kwa herufi kubwa: AMEFUZU. Jioni ile Mama Mkeka aliupangusa mkeka vumbi, bila sababu yoyote, akaurudisha nyuma ya mlango.

Kuna mambo mawili aliyaona akayapita. La kwanza, gauni. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiwaambia wazazi wamvue mtoto abaki na nepi, kwa sababu nguo humficha mtoto anachofanya, na siku ile macho yake yaliliona gauni la hadi sakafuni yakanyamaza. La pili, Bibi. Katika simu nzima Bibi hakutoa neno, na Bibi akinyamaza dakika tano ujue kuna jambo. Lakini mtu aliyekaa na njaa ya habari njema miezi minane akiletewa sahani hakagui upishi.

Asubuhi yake alipiga simu kuwapongeza. Cherehani ilikuwa ikilia nyuma ya sauti ya mama Punje.

"Hongera, mama. Punje amefuzu. Faili limefungwa jana."

"Ahsante sana, dada. Kwa hiyo Jumatatu ni saa ileile?"

"Jumatatu hakuna. Amefuzu, mama. Amemaliza."

Cherehani ikanyamaza.

"Amemaliza nini, dada? Mtoto hawezi kusimama."

Habari ikatoka vipandevipande, huku mama mtu analia na Bibi anamsahihisha kutoka upande wa pili wa pazia. Mama Punje alikuwa amesoma hadi darasa la sita. Pale shuleni kwao, kila mwisho wa mwaka waliofeli mtihani waliitwa majina mstarini na kurudishwa nyumbani, na mwaka mmoja lake likaitwa. Kwa hiyo alipoona neno tathmini alielewa kama ambavyo mtu yeyote aliyewahi kusimama kwenye mstari ule angeelewa. Ofisi imeelemewa, inapunguza watoto. Itabakiza wanaoleta matumaini na kuwatupa wasioleta. Akachukua kitambaa kilichobaki cha pazia la mteja, akashona gauni refu, na mgongoni akaacha mpasuo wa kupitisha mikono miwili. Bibi akakaa kwenye kigoda nyuma ya pazia la maua, akapenyeza mikono kwenye mpasuo, akamshika mjukuu kiunoni. Walifanya mazoezi wiki tatu, mara tano kwa siku, hadi Bibi akajua kushika bila gauni kutikisika.

"Mbona hukuniambia?" Mama Mkeka aliuliza, alipokwisha kumweleza kanuni ya faili.

"Na wewe mbona hukuniambia kwamba mtihani wenyewe ni wa kufeli?"

Mama Mkeka alikata simu kwa adabu kisha akakaa juu ya kitanda na hasira zisizojua pa kwenda. Alimkasirikia mama mtu, na papo hapo akaona hana haki. Alimkasirikia Bibi aliyejua kila kitu duniani ila kuacha kudaka. Alilikasirikia gauni, na hapo akagundua kwamba sehemu yake moja inalisifia gauni, mpasuo ule wa mgongoni, ufundi ule, na hilo likamuudhi zaidi. Mwisho alifika kwake mwenyewe, akakaa hapo muda mrefu.

Zilikuwa zimebaki siku tisa. Punje alikuwa anatimiza mitatu siku ya Ijumaa ya wiki iliyofuata.

Mkuu wa kitengo hakuwa mtu mbaya, na pengine ndilo lililochosha kuliko yote. Mtu mbaya unaweza kugombana naye. Huyu alikuwa mpole, alisikiliza hadi mwisho, alikuita dada yangu, kisha alisema mfumo haukubali. Wafanyakazi walimwita Bwana Mfumo. Mama Mkeka alimweleza kwamba alama imewekwa kimakosa, aifute tu, na Bwana Mfumo akasikitika kwa dhati na kumwambia mfumo haukubali kurudi nyuma. Amuulize mtu wa mitambo. Mtu wa mitambo akataka idhini ya mkuu. Mkuu akataka maelezo ya mtaalamu. Mtaalamu, yaani yeye, akasema maelezo ndiyo haya anayoyatoa tangu Jumatano, akaambiwa hayo ni ya mdomo. Akapigwa danadana hadi Jumamosi na Jumapili, siku ambazo gonjwa linafanya kazi na ofisi haifanyi. Aliomba kwenda mwenyewe kwa akina Punje, akae nje ya kizingiti na barakoa mbili usoni, amtazame mtoto kutoka mlangoni. Haikuruhusiwa. Aliuliza kama inaruhusiwa kwenda sokoni, ambako watu mia mbili walikuwa wakibonyeza nyanya zilezile. Ikasemekana hilo si la kitengo.

Jumatatu alasiri jibu likapatikana. Faili la aliyefuzu linaweza kufunguliwa kabla ya saa kumi jioni siku ya Alhamisi, kwa vitu viwili. Cha kwanza, barua ya kueleza kosa ni la nani. Cha pili, video isiyokatwa ikimwonyesha mtoto mwili mzima, bila gauni, akijaribu kusimama na kushindwa mara tatu.

Kuhusu barua, Bwana Mfumo alishusha sauti. Alimshauri dada yake aandike tu kwamba familia ilidanganya, ndio ukweli, na yeye hataguswa. Mama Mkeka akauliza familia iliyodanganya inafanywaje. Bwana Mfumo akapekua karatasi. Familia iliyodanganya, kwa mujibu wa mwongozo, inaondolewa kwenye huduma.

Usiku huohuo hakulala vizuri, asubuhi akaandika. Aliandika kwamba kosa ni lake, kwamba hakuagiza mtoto avuliwe nguo kama taaluma inavyotaka, na kwamba hakuwaeleza wazazi maana ya tathmini. Yote matatu yalikuwa kweli, na hakuna palipotajwa pazia. Kwa barua hiyo alipewa onyo la maandishi, la kwanza tangu aajiriwe, nalo likaingia kwenye faili lake mwenyewe, faili ambalo mfumo uliliandikia bila kipingamizi chochote. Mumewe aliisoma nakala akiwa amesimama, akairudia, akatafuta utani na kwa mara ya kwanza hakuupata. Akaenda kumchemshia chai.

Ikabaki video. Mtu angedhani hilo ndilo jepesi, maana mtoto asiyejua kusimama kushindwa kwake hakuhitaji mafunzo. Jumanne walijaribu mara sita. Mama mtu aliegemeza simu dirishani, akamsimamisha Punje katikati ya chumba, akaachia, na kabla mtoto hajayumba vizuri mkono wa mama ulikwisha kufika. Mara ya pili ulifika mkono wa Bibi. Mara ya tatu ilifika yote minne. Video ya mtoto akidakwa haikuwa video ya mtoto akishindwa, na kila iliyotumwa ilirudishwa. Mama Mkeka, sauti imemkauka, akawaambia kwenye simu kwamba safari hii wamwache. Chini kuna godoro, hataumia. Wamwache tu.

Bibi akaichukua simu kutoka kwa bintiye, na uso wake ukajaa kwenye kioo.

"Mwanangu, mimi nimekusikia," alisema. "Mchelea mwana kulia hulia yeye, si ndivyo unavyotuimbia? Haya. Njoo wewe umwangushe."

Mama Mkeka angekuwa pale angemwangusha kweli, kwa mkono uliokaa inchi moja chini yake, mkono unaojua wakati wa kuondoka na wakati wa kurudi, na kuanguka kule kungekuwa mchezo. Mkono huo ulikuwa umeshika simu.

Jumatano walikubaliana. Bibi angekaa sakafuni ukutani na kukalia mikono yake mwenyewe. Mama mtu angesimama upande wa pili na mikono nyuma. Mama Mkeka angekuwa hewani, ahesabu, ili wote wawe na la kusikiliza. Punje akavuliwa akabaki na nepi, akasimamishwa juu ya godoro jembamba, na mama yake akarudi nyuma.

Moja. Mbili. Tatu.

Punje akasimama.

Nne, tano. Mikono imetanuka pembeni, tumbo mbele, vidole vya miguu vinalishika godoro. Hakuna aliyekuwa amefikiria jambo hili. Wiki tatu nzima, mara tano kwa siku, Bibi alikuwa amemshika kiunoni mahali palepale panapotakiwa, na ili gauni lisitikisike alikuwa amejifunza kushika kidogo, kisha kidogo zaidi. Yale ambayo Mama Mkeka alimwimbia Bibi miezi kumi na minane, Bibi aliyafanya nyuma ya pazia kwa ajili ya kudanganya. Kiuno kilikuwa kimekaza.

Nane. Tisa. Kumi. Mama Mkeka alihisi sauti yake inapunguza mwendo. Kazi yake yote ilikuwa kuhesabu kwenda juu, na kila namba ilikuwa sikukuu. Sasa alihesabu akiiona thelathini inakuja, na ikifika hiyo, basi, alama ni ya kweli, faili limefungwa kihalali, na Punje anatupwa foleni mwaka mzima na kiuno kilichoanza juzi. Kumi na nne. Mama mtu alikuwa amefumba macho na midomo yake inatembea. Kumi na saba. Bibi bado amekalia mikono. Kumi na nane.

Kwenye kumi na tisa goti la kushoto likalegea na Punje akaketi kwa kishindo juu ya godoro.

Wakapiga makofi. Mama mtu alipiga huku akilia, Bibi aliichomoa mikono akapiga, na Mama Mkeka, peke yake chumbani kwake, alijikuta naye anapiga. Punje alikuwa amekunja uso tayari kulia. Akawatazama, uso ukakunjuka, akacheka.

Walirudia mara mbili kama ilivyotakiwa. Mara ya pili ilikuwa sekunde kumi na mbili, ya tatu ishirini na moja, na kila alipoanguka walimpigia makofi kuliko mwanzo, maana kila kuanguka kulikuwa mlango. Ya tatu ilipokwisha mama Punje alikaa chini pale pale na kumpakata.

"Mungu anisamehe, dada," alisema. "Leo nimemwombea mwanangu aanguke."

Video ilikuwa nzito, mtandao ukaiburura usiku kucha, na Alhamisi saa tisa na nusu faili la Punje likafunguliwa. Bwana Mfumo alimpigia Mama Mkeka mwenyewe, ana furaha ya kweli, akisema ameona, mfumo umekubali. Katika orodha ya viambatisho ilisomeka: kushindwa kwa kwanza, kushindwa kwa pili, kushindwa kwa tatu. Mama Mkeka alizitazama herufi zile hadi zikafifia. Siku ambayo Punje alisimama dede kwa mara ya kwanza maishani mwake, hakuna hata mtu mmoja kati yao watatu aliyemwambia hongera kwa kusimama. Na yeye ndiye aliyekuwa anahesabu.

Ilichukua miezi mitatu kabla ziara moja kuruhusiwa. Ilikuwa ya makabidhiano, nusu saa, barakoa usoni, kabla mtoto hajachukuliwa na mtaalamu wa kitengo cha wakubwa. Katikati kulikuwa na simu za Jumatatu kama kawaida, kwa kuwa wakubwa hawakumpokea mtoto bila makabidhiano. Katika moja mama Punje aligusia kwamba siku hizi mtoto anaangukaanguka sana, ila haumii, anacheka tu. Mtandao ulikuwa mbaya na Mama Mkeka alisikia nusu.

Siku ya ziara aliutoa mkeka nyuma ya mlango, akauviringisha upya, akauweka begani, na mumewe akasema leo mjukuu atalia kwa wivu. Kwa akina Punje pazia la maua lilikuwa limefungwa pembeni. Mtoto alikuwa na gauni lake la njano, limekatwa likafika magotini, na mpasuo wa mgongoni umeshonwa kwa mshono mdogo kabisa ambao mtu asiyejua asingeuona. Bibi alipokea mkeka, akautandika yeye mwenyewe, na kusema kwamba sakafu yake haikuwahi kuhitaji kitu hiki. Mama Mkeka akapiga magoti. Magoti yakalalamika, akayasikia kwa furaha.

Alimvua Punje gauni. Alimshika kiunoni kwa mikono miwili na mikono ikamwambia kila kitu: hapa pamekaza, hapa bado, hapa upande wa kushoto unadanganya kidogo. Akamsimamisha katikati ya mkeka. Akaondoa mkono mmoja, akaondoa wa pili, akaanza kuhesabu kimoyomoyo.

Punje alisimama vizuri. Kumi, kumi na tano, ishirini. Hakuyumba. Vidole vilikuwa vimetulia na goti la kushoto lilikuwa imara. Ishirini na mbili, na Mama Mkeka alikuwa anajiambia kwamba leo atafika, leo hata akifika hakuna kinachofungwa, leo ni halali. Ndipo Punje alipogeuza kichwa. Alimtazama mama yake, akamtazama Bibi, akahakikisha wote wanamwona. Kisha akalegeza magoti, yote mawili, kwa makusudi, akajiachia chini kwa kishindo.

Mama mtu alinyanyua mikono, ikakutana nusu njia, ikabaki hapo. Bibi aliitia yake kwapani. Mama Mkeka alibaki amepiga magoti na pumzi yake mwenyewe inamrudia usoni ndani ya barakoa.

Punje alikaa katikati ya mkeka akitabasamu, akawatazama mmoja mmoja, akingoja makofi.

"Inuka, mama," Mama Mkeka alimwambia mtoto, na akaanza kazi upya.